Punguza hewa, lainisha gia: barabara mbovu na milima kwenye triathloni ndefu

Kuna maneno hapa Mombasa yanikera sana, eti sisi watu wa pwani hatuwezi triathloni zenye milima manake twaishi tambarare, mpaka uhamie bara ndio miguu ikomae. Si kweli jamani. Vuka feri Likoni, fuata barabara ya Ukunda mpaka Kombani, kata kulia upande Kwale, halafu uje unambie kama hapo hakuna mlima. Ama toka Changamwe uelekee Mazeras kisha uingie zile njia za kokoto za ndani ndani huko Rabai, utapata mlima na barabara mbovu kwa pamoja. Mazoezi tunayo, shida ni vile tunavyoyafanya. Watu wanapanda kwa hasira.

Triathloni ndefu ni kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, halafu marathoni nzima ya 42.2. Sasa we ukimaliza nguvu zako kwenye mlima wa kilomita ya 60 ili umpite mtu mmoja, hiyo marathoni utaikimbia na miguu ya nani? Mi naamini kabisa mlima na barabara mbovu dawa yao ni moja, nayo ni ulaini. Hewa laini, gia laini, mikono laini.

Tuanze na hewa, hapa ndio watu wabishi zaidi. Wengi wanajaza tairi mpaka iwe ngumu kama jiwe, PSI 110 mpaka 120 (PSI ndio kipimo cha hewa unachokiona kwenye pampu), wakiamini ngumu ndio kasi. Kwenye lami safi sana labda, lakini lami yetu si hiyo, ina viraka, ina matuta, ina mchanga pembeni. Tairi ngumu ikigonga kila kijiwe inakurusha juu wewe na baiskeli, na kila ukirushwa nguvu uliyoitia kwenye pedali inapotea kwenye mtikisiko, misuli inachoka kwa kazi ambayo haikusogezi hata mita. Tairi laini yameza kile kijiwe na safari yaendelea. Mtu wa kilo 70 hivi mwenye tairi pana ya milimita 28 anaweza kushuka mpaka PSI 75 akawa sawa tu, ila usizidishe, ikiwa laini mno ukigonga shimo tyubu yabanwa na rimu na yatoboka matundu mawili kwa mpigo. Jaribu kidogo kidogo mpaka upate kiwango cha uzito wako.

Mikono nayo, usiukabe usukani. Shika kwa kulegea, viwiko vikunje, kwenye mashimo inua makalio kidogo kitini uache baiskeli icheze chini yako. Na kunywa maji ni kabla ya kufika kwenye ubovu, si ukiwa ndani yake. Chupa pia zinaruka zikaenda zao, kwa hiyo zifunge na kipande cha blada, kile cha tyubu kuukuu ambacho watu wa mkokoteni wanafungia mizigo, bei rahisi na hakikuangushi.

Mlimani sasa. Mwambie fundi akuwekee flaiwili, zile gia za gurudumu la nyuma, ambayo gia yake kubwa ina meno 32 au 34, na usione haya, hakuna mtu atakayekupa zawadi kwa kusukuma gia nzito. Badilisha gia kabla mlima haujakaza, pedali izunguke kama mara 75 kwa dakika, na pumzi iwe ile ambayo bado waweza kutoa sentensi fupi. Watakupita watu, waache! Kasi ikiwa ndogo upepo haukuzuii sana, kwa hiyo kaa wima upumue vizuri, ukifika kileleni endelea kupedali mpaka kasi irudi ndio uiname tena. Hapo juu ndipo wengi huacha kupedali, na ndipo anayeendelea huokota muda mwingi bure. Chakula kula kwenye tambarare, moyo ukienda mbio tumbo halitaki kazi.

Wanaoota triathloni ndefu ya Lanzarote kule visiwa vya Canary wajue baiskeli yake ina kupanda kama mita 2,500 pamoja na upepo mkali, lakini upepo sisi ni wenyeji wake. Kusi ikiwaka, barabara ya kutoka Kilifi kurudi Mtwapa ni mlima tosha, panda nayo gia ile ile laini na pumzi ile ile.

Na baada ya kila safari ya vumbi pangusa cheni, tia mafuta, kagua skrubu zote hasa za usukani na vishikio vya chupa, manake mtikisiko unazilegeza na chumvi ya bahari hapa yala chuma haraka. Anayetaka kwenda Kwale aanze alfajiri feri ikiwa bado haijajaa, na abebe tyubu mbili na pampu.