Goti Lililofichwa Chini ya Suruali

Jumapili moja jioni mke wangu alikuwa uani akifua nguo za wiki, akaniita kunionyesha suruali ya mtoto wetu wa pili, ambaye ana miaka tisa. Kitambaa cha goti la kulia kilikuwa kimekakamaa kama karatasi, na kwa ndani kilikuwa na doa la kahawia lililozungukwa na umanjano. Tulimwita, tukamkalisha kwenye kigoda, ndipo tulipokiona kidonda cha siku nne: kigaga kikubwa cheusi, kingo nyekundu zenye joto, na usaha uliochuruzika pembeni nilipogusa kidogo tu. Kinenani alikuwa tayari ameota mtoki.

Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu kwamba alijua nitamwekea spiriti.

Mtoto hakukosea. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa ameanguka na baiskeli kwenye mteremko wa changarawe karibu na nyumbani kwetu, hapa Morogoro, nami nilimshika mguu kwa nguvu, nikammiminia spiriti, nikasugua kwa pamba, kisha nikafungua kapsuli ya rangi mbili na kunyunyiza unga wake juu ya mchubuko, kama nilivyokuwa nikifanyiwa na marehemu baba yangu. Mchubuko huuma kuliko hata mkato mrefu zaidi, kwa sababu ngozi ya juu hukwanguliwa eneo pana na miisho mingi ya neva hubaki wazi. Kuumwagia spiriti ni kumtesa mtoto bila faida, kwani dawa hiyo inafaa kusafishia ngozi nzima kabla ya sindano, ilhali kwenye nyama mbichi huua pia chembe changa zinazojenga ngozi mpya. Pamba nayo huacha nyuzi ndani ya kidonda. Unga wa kapsuli haukutengenezwa kwa kunyunyizwa: hugandamana na uchafu, unaweza kuleta mzio, na huchangia usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Kwenye zahanati, muuguzi hakuwa na haraka. Alilowesha gozi, kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, kwa maji ya chumvi maalumu ya hospitali, akaiweka juu ya kigaga na kuiacha mpaka kikalainika na kuachia chenyewe. Chini yake tulikuta punje tatu za changarawe, nilizoziona kwa macho yangu zikianguka kwenye sahani ya chuma. Alinieleza kwamba mchanga ukiachwa ndani, mbali na kuozesha kidonda, unaweza kufunikwa na ngozi mpya na kubaki doa la kudumu kama chale.

Kisha akaomba kadi ya kliniki. Dozi tatu za chanjo ya penta, ambayo ndani yake imo kinga ya pepopunda, za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, zilikuwa zimeandikwa, lakini kwa kuwa kidonda kilikuwa kichafu na miaka mingi imepita, alimchoma ya kuongezea kinga dhidi ya pepopunda na kumpa dawa ya kumeza. Akanigeukia na kuniuliza mimi nilichanjwa lini. Sikuwa na jibu. Wanawake huchanjwa pepopunda wanapohudhuria kliniki ya wajawazito. Sisi wanaume hatuna siku kama hiyo, ilhali vimelea vyake huishi udongoni na kwenye kinyesi cha wanyama, na ndiyo maana kupaka kidonda samadi au majivu ni hatari kubwa. Nilichanjwa wiki ile ile.

Siku hizi mtoto akichubuka, nanawa mikono kwanza, kisha tunamimina maji safi taratibu kwa kata kwa muda wa dakika tano au zaidi, na sabuni ya kawaida tunaipitisha kwenye ngozi inayozunguka jeraha. Punje iliyobaki naitoa kwa kibano kilichochemshwa. Isiyotoka tunampelekea muuguzi. Baada ya hapo napaka mafuta safi ya mgando kiasi kidogo, nafunika kwa gozi, na nabadilisha kila siku au inapolowa. Kwa muda mrefu niliamini kwamba kidonda kinapaswa kuachwa wazi kikauke, lakini tangu mwaka 1962, mtafiti George Winter alipochapisha majaribio yake kwa nguruwe, inajulikana kwamba ngozi huota upesi zaidi penye unyevu kuliko chini ya kigaga kikavu. Majimaji mepesi ya manjano ya siku za mwanzo si usaha. Usaha ni mzito na hunuka, na ukiandamana na wekundu unaosambaa, homa au mtoki, mtoto apelekwe akaonwe bila kusubiri kesho. Mwenye kisukari asisubiri hata dalili hizo, hasa jeraha likiwa mguuni.

GV, ile dawa ya maji ya zambarau ya kupaka vidonda, nimeiondoa nyumbani, kwa kuwa rangi yake huficha wekundu huo ninaopaswa kuuona.

Kuzuia michubuko yote hakuwezekani kwa mtoto anayecheza chandimu, wala sitaki aache kucheza. Tulichokubaliana na wazazi wenzangu wa mtaani ni kwamba watoto waokote mawe na vipande vya chupa kabla ya mechi, wavae viatu, na golikipa avae soksi nzito zilizokatwa vidole, azivute mpaka magotini. Kuhusu baiskeli, nilipoikagua niligundua kwamba breki zote mbili zilikuwa zimelegea tangu siku ile ya anguko la kwanza, nami sikuwahi kuzitazama. Ya nyuma nimeshaitengeneza; ya mbele inasubiri waya mpya, na mpaka upatikane baiskeli inalala stoo.