Acheni Gogo Lilale Mtoni

Mto ulionyooshwa, kingo zimekwanguliwa na hakuna hata tawi moja lililozama, husifiwa kwa usafi wake. Mimi huniumiza roho. Tangu nianze kujitolea kwenye kazi za kuwarudishia samaki makazi yao, kitu cha kwanza ninachokitafuta nikifika mtoni ni mti ulioanguka majini.

Gogo likilala kukatiza mkondo, maji hulazimika kulizunguka au kupita chini yake, na hapo huchimba kidimbwi cha kina. Mbele kidogo mwendo hupungua, changarawe hutua. Samaki mkubwa hupata kivuli na maficho ya kumkwepa ndege, mdogo hupata pa kupumzikia asisombwe, na wadudu hujaa kwenye gome linalooza. Yote hayo kwa gogo moja! Kule magharibi mwa Marekani, katikati ya karne iliyopita, maofisa wa uvuvi wenyewe waliagiza magogo yaondolewe mitoni, wakiamini yanawazuia samoni, samaki wanaokulia baharini na kurudi mtoni kutaga, kupanda. Siku hizi magogo yanarudishwa kwenye mito ya huko, mengine kwa helikopta.

Adui mwingine ni tope. Samoni na trauti, samaki wa jamii yake, hufukia mayai yao kwenye changarawe, na mayai hayo huishi kwa hewa inayoletwa na maji yanayopenya kati ya vijiwe. Mvua ikiteremsha udongo kutoka shamba lililolimwa hadi ukingoni, tope laini huziba mianya ile na mayai hufa yakiwa bado yamefukiwa. Kwa hiyo mara nyingi kazi yetu haigusi maji kabisa. Tunapanda miti kingoni, tunajenga uzio, tunaacha njia moja ya mifugo kunywa. Inachosha na haipendezi kwenye picha, lakini ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Miti ile ikikua inatia kivuli, na maji ya baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko ya vuguvugu.

Halafu kuna makalavati, yale mabomba ya kupitishia maji chini ya barabara. Mdomo wa kalavati ukining'inia juu ya maji, hata kwa kimo cha goti tu, samaki wengi hawawezi kuuruka. Magari yanapita juu bila shida, huku chini mazalia yote ya upande wa juu wa mto yamefungwa. Inakera, kwa sababu kalavati pana, lililozamishwa kidogo ili kokoto zitandae ndani yake, lingewapitisha wote.

Kizuizi kikiondoka, samaki hawangoji kuitwa. Mto Elwha, katika jimbo la Washington, ulifungwa na mabwawa mawili, la kwanza likikamilika mwaka 1913 bila njia ya samaki. Ubomoaji ulianza 2011 ukaisha 2014, lakini kufikia 2012 samoni walikuwa wameshapita pale lilipokuwa bwawa la chini. Kwenye mto Klamath, unaotoka jimbo la Oregon na kupita California, mabwawa manne yalimalizika kuondolewa mwaka 2024, na Oktoba hiyohiyo samoni walionekana Oregon, upande wa juu wa yalipokuwa mabwawa, kwa mara ya kwanza tangu 1912. Nilipoisoma habari hiyo nilitokwa na machozi, na sioni haya kusema.

Ndiyo maana napinga ile haraka ya kumwaga vifaranga vya samaki kila mto unapopungukiwa. Vifaranga watakula nini, na watajificha wapi, mtoni pasipo na kidimbwi wala kivuli? Ni kama kuhamishia familia kwenye nyumba isiyo na paa. Tengenezeni makazi kwanza. Mara nyingi samaki waliobaki kwenye vijito vya jirani watayajaza wenyewe.

Watu huniuliza matokeo yanaonekana lini. Mimi huanza kwa kugeuza mawe: mabuu wa wadudu wanaopenda maji safi wakiongezeka, chakula kimeshafika. Kisha napima kina cha vidimbwi na joto la maji wakati wa kiangazi. Kuhesabu samaki kunahitaji subira zaidi, maana samoni anayeanguliwa leo atashuka baharini na kukaa huko miaka kadhaa kabla ya kurudi kutaga. Wafadhili wanaotaka idadi ya samaki baada ya mwaka mmoja wanaulizia samaki ambao bado wako baharini.