Siku Moja Maishani Mwangu: Mkufunzi wa Maabara ya Anatomia na Somo la Limfu

Saa 12 asubuhi huwa nimekwisha kufungua maabara, kuwasha feni za kutoa harufu ya formalini, dawa ya kuhifadhia miili, kulowesha upya shashi zinazoifunika miili na kuhesabu visu na vibano. Saa mbili nzima hupita hivyo, na sina mengi ya kuzisimulia, isipokuwa kwamba miili hiyo ni ya watu walioitoa kwa hiari yao ili wengine wajifunze, nami sijawahi kuifunua bila kunyamaza kwanza.

Watu wakisikia kazi yangu hudhani nashinda nikikata. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kutafuta, na hakuna somo linalolidhihirisha hilo kama mfumo wa limfu, yaani mishipa inayorudisha kwenye damu majimaji yaliyobaki katika tishu. Moyo hujionyesha wenyewe na ini hujaza viganja viwili, lakini mishipa ya limfu ni myembamba, haina rangi na imezama katika mafuta. Kozi za utangulizi mara nyingi huupa mfumo huu nafasi ndogo nyuma ya moyo na damu, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kosa.

Saa 2 wanafunzi wanaingia, nami naanza kwa hesabu ubaoni. Kwa siku moja takriban lita 20 za majimaji huchujwa kutoka katika kapilari, vijishipa vyembamba kabisa vya damu, kuingia kwenye tishu. Kama lita 17 hurejea kwenye damu moja kwa moja, na lita 3 hivi hubaki. Hizo lita 3, ambazo zinakaribia plazma yote (sehemu ya majimaji ya damu) tuliyo nayo, hurudishwa na limfu, tena bila moyo wa kuisukuma, kwa kubanwa na misuli tunapotembea, kwa kupumua, na kwa mishipa yenyewe kujikunja kati ya vali na vali. Minyoo ya matende inapoiharibu mishipa hiyo, mguu huvimba. Hapo darasa linatulia.

Saa 4 tunaanza kuutafuta mfereji mkuu wa limfu, ule unaoanzia tumboni mbele ya pingili za juu za kiuno, ukapanda kifuani na kukusanya limfu ya mwili wote isipokuwa upande wa kulia wa kichwa, shingo na kifua pamoja na mkono wa kulia. Nilikuwa nimeelekeza waziwazi: ondoeni pafu la kulia, sogezeni umio, kisha tafuteni kati ya aota, ateri kuu ya mwili, na vena ya azigo, mshipa wa damu unaopanda kando ya uti wa mgongo, kwa ncha ya kibano kilichofumbwa, bila kisu. Baada ya dakika 10 kijana mmoja wa meza ya tatu akatangaza kwamba wameupata. Nilikwenda, nikaona ni vena ya azigo, nikamweleza. Akabisha kwa adabu lakini kwa ukaidi, akisema kwamba kitu muhimu namna hiyo hakiwezi kuwa chembamba kuliko alichokishika. Nikamwonyesha damu iliyoganda ndani ya vena ile, naye akanyamaza. Nilipogeuka kwenda meza nyingine, akachukua kisu ili aharakishe. Tulipoufikia mfereji wenyewe, uzi mweupe wenye vifundo kama shanga mahali penye vali, ulikuwa umekatwa sehemu mbili. Nilikasirika, wala sioni sababu ya kulificha hilo, kwa maana aliyeutoa mwili huo hana mwingine wa kutupatia.

Tulisimama pale zaidi ya saa moja tukizitafuta ncha na kuzilaza sawa. Wakati huo niliwasimulia habari za Gaspare Aselli, daktari wa Italia, ambaye mwaka 1622 alimpasua mbwa aliyekuwa ameshiba na kuona nyuzi nyeupe zikitoka kwenye utumbo, lakini alipompasua mbwa mwenye njaa hakuziona. Ni mafuta ya chakula yaliyozitia weupe. Mfaransa Jean Pecquet alichapisha habari za mfereji huu wa kifuani tunaoutafuta mwaka 1651. Nilitaka waelewe kwamba macho yao si mabovu.

Mchana sikumbuki vizuri niliugawaje. Kulikuwa na hadubini, slaidi za wengu na thimasi, kiungo cha limfu kilicho kifuani, na swali lilelile kuhusu tofauti ya tezi za limfu, vinundu vidogo vinavyoichuja, na mtoki, nalo nililijibu mara nyingi: tezi hizo sote tunazo, mamia kadhaa, na mtoki ni pale zinapovimba. Miguu yangu ilikuwa imeanza kujaa, kwa kuwa anayesimama bila kutembea huinyima limfu misuli ya kuisukuma.

Wenzake walipokwisha kutoka, msichana mmoja alibaki. Aliniuliza kwa nini mkono wa mama yake ulivimba baada ya kutibiwa saratani ya titi. Nilirudi naye mezani, nikamwonyesha tezi za kwapani, ambazo hupokea sehemu kubwa ya limfu ya titi na pia ya mkono, ili aone mwenyewe kwamba zikiondolewa, majimaji ya mkono hupungukiwa njia. Hatukuitazama saa.

Usiku nilisahihisha michoro nikiwa nimeinua miguu juu ya kiti. Mchoro wa msichana yule ulikuwa safi. Niliongeza mshale mmoja tu, kwenye usawa wa pingili ya 5 ya kifua, ambapo mfereji huvuka kwenda kushoto kabla ya kumwaga limfu kwenye vena zilizo nyuma ya mtulinga. Yeye alikuwa ameupandisha kulia hadi shingoni.