Sauti ya pili ya Bibi

"Mama, mbona hao Wazungu wanaimba wimbo wetu wa Ijumaa Kuu?"

Mwanangu alikuwa ameingia jikoni kunywa maji, akasimama na kikombe mkononi. Simu ilikuwa juu ya kabati, inapiga Mateso ya Mathayo, kazi ya mtunzi Mjerumani Bach inayoimba habari za mateso ya Yesu, ile rekodi ya mwongozaji Karl Richter na kwaya yake ya Munich ya mwaka 1958. Nikamjibu kwa kifupi. Maneno yale nilishawahi kuyasikia, na Bibi alipoyasema hakuwa anauliza.

Ilikuwa Machame, huko Kilimanjaro, kihambani kwenye migomba yetu, Ijumaa Kuu baada ya ibada. Baba mdogo alikuja na redio kaseti, pamoja na kanda alizopewa na mchungaji mmoja aliyesomea Ujerumani. Betri zilikuwa zimechoka, tukazianika juani zipate nguvu kidogo. Babu, mpiga tarumbeta wa usharika tangu ujana wake, alivuta kigoda karibu na redio, Biblia magotini. Bibi alikuwa pembeni anamenya ndizi za mtori, vidole vyeusi kwa utomvu, wala hakuonyesha kwamba anasikiliza. Watoto wenzangu walichoka mapema wakaenda kucheza.

Ikafika pale mwinjilisti, yule mwimbaji anayesimulia Injili, anapoimba peke yake kwamba Yesu alipaza sauti tena, akaitoa roho. Kijerumani hatukukijua, lakini kidole cha Babu kilikuwa kimesimama kwenye Mathayo 27, mstari wa 50. Sauti ikashuka, ala zikanyamaza. Kisha kwaya ikaingia, sauti zote nne kwa pamoja, chini sana.

Bibi aliacha kumenya. Kisu kikiwa bado mkononi, akaanza kuimba kwa maneno yetu ya Kiswahili, sauti ya pili, ile ile aliyoiimba kwenye kwaya ya akina mama. Redio ilikuwa inaimba chini kuliko tulivyozoea kanisani, naye akashuka nayo, akaikuta, akakaa hapo. Babu hakuimba. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vilikuwa vinabonyeza paja, noti kwa noti. Mimi nilikuwa nimekaa chini kati yao na sikuthubutu hata kufukuza nzi. Ubeti ulipokwisha Bibi akasema, "Hao wanaimba wimbo wetu," akachukua ndizi nyingine.

Nimekua, nimesoma, nimejua njia wimbo ule uliyopita. Wamisionari waliofika Machame mwaka 1893 walitumwa na misioni ya Leipzig, mji wa Ujerumani, na Leipzig ndiko Bach alikoongoza muziki wa kanisa tangu 1723 hadi alipofariki mwaka 1750. Mateso yale yalisikika huko, katika kanisa la Mtakatifu Tomaso, Ijumaa Kuu ya mwaka 1727. Ila hata Bach hakuutunga wimbo wenyewe. Ni wa Hans Leo Hassler, aliyeuchapisha mwaka 1601 ukiwa wimbo wa mapenzi. Kanisa likauchukua, likaupa maneno ya kumhusu Yesu msalabani, na Bach akautumia mara tano katika kazi hiyo moja. Kwa hiyo ni wa nani? Siku nyingine naona Bibi alikuwa na haki nao sawasawa na watu wa Leipzig. Siku nyingine nahisi kuna jambo zito zaidi alilolisema, na mimi nimelishika nusu tu.

Baba mdogo anasema kanda zile zilikuja kurekodiwa kwaya ya usharika juu yake, na jina la mwongozaji halikumbuki. Ndiyo maana siku hizi nasikiliza rekodi moja baada ya nyingine. Richter namwamini, kwa kuwa kwaya yake inaomba kweli. Ya mwongozaji mwingine, John Eliot Gardiner, ya mwaka 1988 ni nyepesi, korali, yaani zile tenzi za kanisa zinazoimbwa na kwaya, zinakwenda kwa mwendo wa watu wanaozungumza. Naipenda, lakini Bibi asingepata pa kuingilia.

Tatizo ni zile betri. Betri ikichoka mkanda huzunguka taratibu, na sauti yote hushuka. Pale Bibi aliposhukia hapamo katika rekodi yoyote iliyotoka studio. Nalijua hilo vizuri, na bado natafuta. Kesho naanza ya mwongozaji Otto Klemperer, iliyorekodiwa London mwaka 1960 na 1961. Wanaomjua wanasema hakuna aliyekwenda polepole kama yeye.