Mjane wa 1681

Jumamosi, usiku

Leo nimelijua jina la yule mjane.

Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikimfuatilia mkulima mmoja wa Wiltshire, kusini mwa Uingereza, ambaye ni babu wa mume wangu kwa vizazi kumi na kimoja. Majina ya ukoo siyaweki hapa, nimeahidi. Aliyenianzisha ni binti yetu mdogo, siku aliyopewa kazi ya shule ya kuchora mti wa familia. Upande wangu tulikaa chini, nikapiga simu Muheza, na kabla ya chakula cha usiku tulikuwa tumeshafika kwa mama yake bibi yangu. Upande wa baba yake tulikuwa na karatasi moja tu ya marehemu mama mkwe: jina la mwanamume, mwaka, na neno moja la kumweleza, yomani.

Yomani alikuwa mtu aliyelima ardhi yake mwenyewe. Hakuwa bwana mwenye ngao ya ukoo, wala hakuwa mkulima mdogo wa kupangishwa. Tangu 1430, mwenye ardhi huru iliyomwingizia shilingi 40 kwa mwaka alikuwa na haki ya kuchagua wabunge wa jimbo lake. Walijivunia neno hilo, na ndiyo maana waliliandika kwenye wasia zao, kando ya jina.

Nilianza na vitabu vya parokia. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila kanisa liwe na kitabu cha kuandika waliobatizwa, waliooana na waliozikwa. Mimi mwenyewe nimo katika kitabu cha namna hiyo, Msalaba Mtakatifu, Magila, kwa hiyo nilidhani najua nitakachokikuta. Nilimkuta babu mapema tu. Wanawe wanne wako pale, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja "mwana wa" fulani au "binti wa" fulani, na fulani huyo ni baba siku zote. Mama hayumo hata mara moja. Ndoa yao ilifungwa miaka ya vita vya Mfalme na Bunge, wakati vitabu vingi viliachwa bila kuandikwa, na hicho cha kijiji chao ni kimojawapo. Mistari inakatika, halafu inaanza tena miaka kadhaa baadaye kwa mwandiko wa mtu mwingine.

Jambo hilo liliniuma kuliko nilivyotegemea. Mimi nami nimeingia ukoo huu kwa kuolewa. Nilijiona nikihesabiwa watoto wangu mmoja mmoja, na mimi sipo.

Ilibaki wasia. Hadi 1858 wasia za Uingereza zilithibitishwa mbele ya mahakama za kanisa. Za watu wenye mali katika dayosisi zaidi ya moja zilikwenda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury na leo ziko Kew, London. Za dayosisi ya Salisbury zimehifadhiwa Chippenham. Ya babu ilikuwepo kwenye faharasa, lakini mwaka ulinitatiza. Iliandikwa Februari 1681, na inamwachia kondoo jike mjukuu ambaye kitabu cha parokia kinasema alibatizwa Novemba 1681. Nilikaa na fumbo hilo wiki nzima. Nikafikiri labda kulikuwa na mtoto mwingine mwenye jina hilohilo aliyekufa. Kumbe zamani zile mwaka wao ulianza tarehe 25 Machi, na ikawa hivyo mpaka 1752. Februari 1681 yao ilikuja baada ya Novemba 1681. Mtoto alikuwa na miezi mitatu, na babu yake alikuwa ameshamwona.

Basi leo nimekwenda kuiona yenyewe. Wanakuruhusu penseli tu, kalamu ya wino unaiacha nje. Karatasi inalazwa juu ya mto, na nyuzi nzito zenye vipande vya madini ya risasi ndani zinawekwa kwenye kingo ili isijikunje. Herufi za e zimegeuka nyuma, s ni ndefu kama f, na jina lake la ukoo limeandikwa kwa namna tatu ndani ya ukurasa mmoja. Nilisoma kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Kwa jina la Mungu, Amina." Ndivyo inavyoanza. Kisha anasema ni mgonjwa wa mwili lakini ana kumbukumbu njema na kamili, Mungu ashukuriwe. Najua ni maneno ya desturi, makarani waliyaandika kwa kila mtu, lakini nilipoyasoma nilimwona amelala, majirani wamesimama mlangoni. Ardhi ni ya mwana wa kwanza. Mtamba wa ng'ombe ni wa binti. Kila mtoto wa ubatizo, shilingi moja.

Halafu mstari wa kumi na nne: "mke wangu mpenzi", na jina. Herufi nne.

Nilisimamisha penseli. Anamwachia kitanda anacholalia na matandiko yake yote, chumba cha juu ya sebule, kuni za kutosha kila mwaka, na sufuria kubwa ya shaba. Vyote maadamu yu mjane. Sharti hilo sijalipenda, ingawa nalielewa: mwanamke akiolewa tena, vyombo na fedha zake viliingia mkononi mwa mume mpya, na watoto wa kwanza wangeweza kukosa. Lakini pia amemfanya yeye peke yake kuwa wasii. Mwanamke ambaye kitabu cha kanisa hakikumtaja, ndiye mumewe aliyemwamini kuhesabu madeni, kugawa kondoo na kusimama mbele ya mahakama. Chini kabisa kuna mistari ya Kilatini inayosema alikula kiapo. Alikwenda kweli.

Bibi yangu alipofariki Muheza hakukuwa na karatasi yoyote. Sufuria yake ya shughuli, ile ya mishikio miwili yenye kishimo ubavuni, alikuwa ameshamtamkia shangazi mbele ya wanawake wenzake, na hakuna aliyebisha. Nimeiwaza sana leo kwenye treni. Nani aliichukua ile ya shaba?

Babu alizikwa kwa nguo ya sufu, kwa kuwa sheria ya wakati ule ililazimisha hivyo ili kulinda biashara ya manyoya ya kondoo, na ndugu wakapeleka kiapo kuthibitisha. Mtu aliyefuga kondoo maisha yake yote.

Nilipofika nyumbani nilifungua picha nilizopiga za kitabu cha maziko. Kuna mstari wa 1690 ambao nimeupita mara nyingi mno bila kusimama, kwa sababu umeandikwa "Mjane" na jina la ukoo tu. Nilidhani ni mke wa yeyote yule, maana ndugu walikuwa wengi pale kijijini. Sasa nimepitia maziko yote ya miaka hiyo tisa, na wajane wengine wa ukoo huo kila mmoja nimemwona na mumewe. Amebaki yeye.

Nilimwamsha binti yangu, Mungu anisamehe, ilikuwa imeshapita saa nne. Alikaa kitandani na daftari lake magotini, akatafuta kile kisanduku kitupu alichokichora kando ya jina la babu miaka miwili iliyopita, akashika penseli. Nikampa kalamu yangu ya wino.