Mwalimu, niandikie tu kwamba umekataa

Nianze na aibu yangu. Mara ya kwanza kwenda shuleni kumwombea mtoto wa kaka yangu arudi darasani, nilivaa kitenge cha harusini, nikapaka na wanja, nikaingia ofisini kwa mkuu wa shule nimejaa upepo kama puto. Dakika kumi baadaye nilitoka, puto limepasuka. Sikuwa na karatasi hata moja. Nilikuwa na mdomo tu, na mdomo, nimekuja kujua, haugongwi muhuri.

Kisa chenyewe ni hiki. Binti aliacha shule Septemba 2022, yuko Kidato cha Pili, miezi miwili kabla ya upimaji wa kitaifa. Mimba. Aliyempa mimba ni dereva wa bodaboda aliyekuwa akimpa lifti, maana shule yetu ya kata iko mbali, saa moja na nusu kwa mguu, na masika yakianza njia ya mkato haipitiki. Bwana huyo alihama usiku uleule habari zilipotoka. Faili liko polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, na hapo nanyamaza kwa sababu damu inanichemka. Kichanga kilizaliwa Machi 2023, kizima, kina mashavu. Kaka yangu kwa miezi minne hakusema na binti yake. Alikuwa anasema na ukuta, binti asikie.

Sasa ushauri. Kila aliyekunywa chai kwangu mwaka ule aliacha ushauri juu ya meza pamoja na kikombe kichafu. Wifi yangu alitaka binti apelekwe kwa fundi ajifunze cherehani, kana kwamba mtoto aliyekuwa wa tatu kwenye hesabu kazi yake ni kupinda pindo. Jirani akasema mhamisheni mkoa mwingine, semeni alikuwa anaumwa. Huyo hajui kwamba siku hizi mwanafunzi ana namba ya usajili, ile ya PReM, inayomfuata kama kivuli, ukimhamisha kwa uongo mfumo unakuumbua. Mwingine akasema asome QT, yaani mtihani wa maarifa kwa wanaosoma nje ya shule. QT ni njia halali na imewatoa watu wengi, sina ugomvi nayo. Lakini shule ya serikali haina ada mpaka Kidato cha Nne tangu Januari 2016. Kwa nini nikalipie kituo cha jioni wakati dawati lake lipo?

Aliyeniuma zaidi ni bwana mmoja "anayejua watu wilayani". Alikula elfu hamsini yangu, labda na kidogo juu, ukihesabu soda na nauli nilizomtoa. Kila nikimpigia yuko kikaoni. Nadhani mpaka leo hicho kikao hakijafungwa.

Aliyenifungua macho ni mwalimu mstaafu tunayesali naye. Aliniuliza swali moja: "Dada, huo waraka unao?" Waraka gani? Akacheka, akanikalisha. Akanikumbusha kwamba mwaka 2017 rais wa wakati ule, Magufuli, alisema hadharani, kule Chalinze, kwamba aliyepata mimba harudi shule, na walimu wengi bado wanaisikia sauti ile masikioni. Lakini tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Ndalichako, alitangaza kwamba wanarudi, na ukatoka Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, wa kuwarejesha shuleni waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, msingi na sekondari. Akaniambia na jambo ambalo kaka yangu hakulijua: kuna muda. Miaka miwili tangu aache. Watu wanasubiri mtoto akue kwanza, atembee, aache ziwa, aende chekechea, wanashtuka siku zimekwisha. Nilihesabu kwa vidole pale pale. Wa kwetu mwisho wake ulikuwa Septemba 2024, na sisi tulikuwa Desemba 2023.

Nakala niliipata kwa Afisa Elimu Kata, chini ya mafaili mengine ambayo hata vumbi lake lilikuwa na vumbi. Kijana mwema, alinipa bila maneno. Nikaitoa kopi tatu, moja nikaitia plastiki kule stesheneri. Wenye duka waliniona nimechanganyikiwa, eti mama, watu wanatia plastiki vyeti. Nikawaambia hiki ndicho cheti changu.

Na sasa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo ninapojisifu.

Ile safari ya kwanza mkuu wa shule alikuwa ameniambia mambo mawili: binti alishaondolewa kwenye rejesta, na zipo kanuni za mwaka 2002 zinazoruhusu kumfukuza mwanafunzi kwa kosa dhidi ya maadili. "Wenzake watajifunza nini, mama?" Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeogopa kufanya jambo la kwanza. Nilipolifahamu hilo, nikaelewa kwamba kumpigia kelele ni kumsaidia, kwa sababu akishagombana na mimi anakuwa na sababu ya kunitoa nje. Dawa ya mtu anayeogopa ofisi za juu ni karatasi inayoelekea huko.

Nikarudi stesheneri. Nikamwagiza kijana achape barua fupi. Juu jina la shule. Chini yake: "Mimi mkuu wa shule nimekataa kumpokea mwanafunzi aliyetajwa hapa, pamoja na kuonyeshwa Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, kwa sababu zifuatazo." Halafu mistari minne ya nukta nukta. Halafu jina, saini, tarehe, muhuri. Kijana akaniuliza mistari minne itatosha? Nikamwambia ikizidi ataandika nyuma.

Jumatatu ya kwanza ya muhula, Januari 2024, nikaenda. Safari hii nilivaa kanga na kandambili, sura ya mtu aliyekuja kuomba maji. Mkuu ni kijana, kwa umri namzidi mbali, akaniamkia kabla sijakaa. Nikaitikia marahaba, nikauliza habari za watoto, za mama watoto, za mvua. Kisha nikaweka waraka mezani, ule wa plastiki, unang'aa. Akausoma. Akaanza tena habari ya kanuni na maadili. Nikamwacha amalize. Nikatoa ile barua taratibu.

"Mwalimu, mimi sikuja kubishana. Umri umekwenda, nasahau. Nikifika kwa Afisa Elimu Sekondari wilayani ataniuliza mkuu kasemaje, na mimi nitakusingizia bila kukusudia. Niandikie tu kwamba umekataa. Jaza hapo kwenye nukta, unigongee muhuri, nikuache ufanye kazi."

Aliisoma barua. Akaisoma tena. Akachukua kalamu, akaiweka. Akavua miwani, akaifuta kwa tai. Akamwita makamu, wakasimama dirishani wakinong'ona kama wachumba. Mimi nilikuwa nahesabu vikombe vya michezo kabatini, vilikuwa sita, kimoja hakina mkono. Makamu akatoka. Mkuu akakaa, akanisogezea barua yangu ikiwa nyeupe vilevile.

"Binti mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko chini ya mwembe."

Akachungulia. Binti alikuwa amekaa pale na sare, soksi nyeupe, daftari mapajani. Sketi ilikuwa mpya, nimeishonesha kwa mkopo ambao fundi bado ananikumbusha. Mkuu akacheka, na siku ile ndiyo tulipoanza kupatana. Fomu na barua zilizofuata ni za kawaida. Akarudia Kidato cha Pili.

Nilidhani kazi imekwisha. Wiki ya kwanza binti alirudi nyumbani saa nne asubuhi, siku mbili mfululizo. Wavulana walikuwa wanamwita mama fulani, na siku ya pili maziwa yalimwagika, shati likalowa mbele ya darasa zima. Kaka yangu, ambaye sasa alikuwa amerudi upande wetu kwa kishindo, alitaka mkuu atangaze mstarini kwamba atakayemcheka binti atachapwa. Mwalimu wa ushauri na unasihi, mama mmoja mpole lakini wa chuma, akakataa. Alisema ukitangaza ndipo unapomnyooshea kidole mbele ya mia tano. Badala yake akawaita wale wavulana mmoja mmoja, mpaka leo sijui aliwaambia nini. Akampa binti ruhusa ya kuondoka saa nane bila kusubiri vipindi vya jioni, na ufunguo wa chumba cha matroni kwa mambo yale ya shati. Mimi nikakata kanga ya zamani vipande, nikavikunja mara nne, akavaa ndani. Vilifaa kuliko chochote cha dukani.

Likabaki lile la barabara, na hapa ndipo ninapokasirika. Kwenye kikao cha wazazi nilisimama nikauliza: huyu mmoja tumemrudisha, je, wale wanaotembea saa moja na nusu kila siku? Nikajibiwa wasichana wajichunge. Wajichunge! Hosteli yetu ilichangiwa ikafika usawa wa madirisha, sasa mbuzi wanalala humo. Mtoto anayetembea na njaa jua linazama, bodaboda ikisimama, unamwambia ajichunge na nini?

Nilijaribu baiskeli ya marehemu mume wangu. Binti alianguka nayo siku ya kwanza, kwenye mteremko wa kisimani, breki zilikuwa ni mapambo. Gharama ya kuitengeneza ingenunua mbuzi. Nikaacha.

Kilichofaa ni mama ntilie wa pale njia panda. Wasichana wa kitongoji chetu wako saba. Tulikubaliana na wazazi wao kwamba hakuna anayeondoka shuleni peke yake, hata akiwa na ruhusa, na binti saa nane anatembea na mjukuu wa mwalimu mstaafu ambaye naye ana vipindi vichache. Wakipita njia panda, mama ntilie ananibipu. Bipu moja, wale wawili. Bipu mbili, watano waliobaki. Malipo yake ni kuni, mzigo mmoja kwa wiki, tunapokezana. Siku moja bipu ya pili haikuja. Nilikimbia na kandambili moja mpaka njia panda, nikamkuta mama ntilie anapuliza moto, simu imeisha chaji, na watoto watano wamekaa kwenye benchi lake wanakula mihogo. Walinicheka sana. Wacheke.

Upimaji alifanya Novemba 2024, akapita. Sasa yuko Kidato cha Tatu na analalamikia kemia kama watoto wengine wote. Mkuu wa shule, mzazi akienda na shida kama yetu, anamwelekeza kwangu, nami simwelewi kama ananiheshimu au ananikomoa. Mpaka sasa wamekuja wanne. Wa nne alikuja Machi na binti aliyeacha mwaka juzi, miezi imebaki michache, nikampa waraka wangu wa plastiki na ile barua ya nukta nukta aende navyo haraka. Binti yake amepokelewa. Waraka haujarudi. Nimeudai mara tatu, kila nikienda naambiwa uko kwa dada yake.