Mwimbaji na Sauti Yake Jukwaani

Ombi ambalo fundi wa mitambo hulisikia kuliko yote katika kumbi za Kisumu ni lile la mwimbaji anayegeukia mixa katikati ya wimbo na kusema, "Fundi, niongeze kidogo." Mafundi wengi hukimbilia kupandisha monita, ile spika ya jukwaani inayomrudishia mwimbaji sauti yake. Baada ya nyimbo mbili ombi hurudi, monita hupandishwa tena, na hatimaye maiki huanza kupiga mluzi chini ya paa la mabati ambalo tayari linarudisha kila sauti mara mbili. Kwa maoni yangu, kabla ya kumwongeza mwimbaji ni lazima kwanza tuwashughulikie wanaomfunika.

Katika benga, muziki wa magitaa wa Waluo, anayemfunika mwimbaji, mara nyingi, ni gitaa la solo. Hupigwa juu, kwenye nyuzi nyembamba, likijibizana na mwimbaji, na sauti yake hukaa mle mle ambamo sikio hutofautisha matamshi, takriban hezi 1,000 hadi 4,000. Mpigaji naye huiweka amplifaya sakafuni nyuma yake, ikipiga magotini. Kwa kuwa masikio yake hayapati kitu, huipandisha, na anayeumia ni mwimbaji aliyesimama mbele. Mimi huiinua amplifaya hiyo juu ya kreti ya soda na kuielekeza kichwani mwa mwenyewe, naye huipunguza kwa hiari yake bila kuambiwa. Wapiga gitaa wetu, kwa heshima zote, hawapendi kuambiwa.

Jambo la pili ni mahali monita inapokaa. Maiki ya kadioidi, kama Shure SM58 iliyoingia sokoni mwaka 1966, husikia zaidi mbele na husikia kidogo kabisa nyuma, upande wa waya. Kwa hiyo mkia wake ndio unaopaswa kuelekea monita. Maiki ya superkadioidi, kama Beta 58A, haiko hivyo: sehemu inayosikia kidogo zaidi iko kwenye digrii 126 hivi kutoka mbele, kulia na kushoto, na monita iliyowekwa nyuma yake kabisa hukaribisha mluzi ambao ungeepukika kwa kuisogeza pembeni. Mpango huo wote huharibika mwimbaji anapokifumbata kichwa cha maiki kwa kiganja, kwa sababu matundu yaliyo nyuma ya kichwa hicho ndiyo yanayoipa maiki uwezo wa kuchagua upande. Yakizibwa, maiki husikia kila upande, monita ikiwemo. Humwomba dada au kaka anayeimba ashike mpini, na aisogeze maiki mdomoni. Kutoka sentimita 10 hadi 5 sauti yake huongezeka kwa takriban desibeli 6, na hakuna kilichoguswa kwenye mixa.

Katika monita yenyewe mimi huweka vitu vichache: sauti ya mwimbaji na gitaa kidogo la kumshikia ufunguo. Besi na ngoma ya mguu tayari zinasikika jukwaa zima, hivyo hazina kazi humo, na sauti nzito za chini ya hezi 100 huzikata kabisa. Mwangwi pia siuweki, hata ukiombwa, kwa sababu huyapaka maneno ukungu. Njia ya monita huichukua kabla ya kitelezi cha ukumbi, kile cha mixa kinachopandisha sauti ya spika za wasikilizaji, ili nikimpandisha mwimbaji kwa ajili ya wasikilizaji, alichozoea masikioni kisibadilike. Kabla ya watu kuingia, hupandisha monita polepole hadi mluzi uanze kujitokeza, nikautafuta kwenye ikwalaiza ya vipande 31, kifaa kinachogawa sauti kuanzia nzito hadi nyembamba, na kuupunguza kwa desibeli 3. Mara tatu au nne zinatosha. Zaidi ya hapo utakuwa unaikata sauti yenyewe.

Haya yote yana uzito kwa sababu ya koo. Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu aliye katika kelele hupaza sauti bila kujua. Mwimbaji wa ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo, anayetarajiwa kuimba hadi karibu na alfajiri, naye haisikii sauti yake, atakuwa amekauka koo usiku ungali mbichi.

Spika ndogo za masikioni huondoa mengi ya matatizo haya kwa bendi zinazoweza kuzinunua, mradi zivaliwe zote mbili. Anayeivua moja ili asikie mashabiki huliacha sikio hilo kwenye kelele ya jukwaa, kisha huomba lile jingine liongezwe. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, hupendekeza mtu asizidishe saa 8 kwenye desibeli 85, na kila nyongeza ya desibeli 3 huupunguza muda huo kwa nusu, hivi kwamba desibeli 100 zina dakika 15 tu. Kwa hiyo hufunga kikomo cha sauti kwenye kifaa kwanza, ndipo nimkabidhi mwimbaji.